Mbuzi Mwenye Alama Mbili

Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimefagia uwanja mara tatu, na uwanja wetu ni mchanga mtupu, hata ukiufagia mpaka Krismasi utabaki mchanga. Mama alichungulia kutoka jikoni akaniambia nikae. Nikakaa. Nikainuka. Nikaenda hadi langoni kutazama barabara, nikarudi, nikahesabu viti vya plastiki tulivyoazima kanisani, nikakuta ni vilevile ishirini na vinne. Tangu utotoni naambiwa natembea kama aliyekanyaga siafu, na siku hiyo nilikuwa nimekanyaga msafara mzima.

Jumamosi hiyo Nzioka alikuwa analeta mbuzi wa ntheo. Kwetu Ukambani unaweza kufunga ndoa kanisani, ukapigwa picha na keki ya ghorofa tano, ukabadilisha hata jina kwenye kitambulisho, lakini kama mbuzi watatu wa ntheo hawajaingia kwa baba yako, wewe bado ni msichana wa nyumbani kwenu. Tulikuwa tumejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ukame ulimaliza mbuzi wa kina Nzioka. Mara ya pili baba alilazwa hospitali kwa presha, siku moja tu kabla ya wageni kufika. Baba yangu, mzee Mutisya, alipotoka hospitali alisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Hataita wazee tena waje kunywa chai na kurudi makwao wakicheka. Baba akishasema kitu hakigeuzi. Nami nilikuwa na miaka thelathini na saba.

Na niseme ukweli wangu: mwanamume nilimtaka, lakini aliyekuwa akinikosesha raha ni mtoto wake.

Nzioka ni mtu wa chanjo za mifugo huko Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui. Tulikutana Malili, kando ya barabara kuu, yeye ameshika kisanduku cha chanjo ambacho barafu yake imeyeyuka, anauliza kila mtu barafu inauzwa wapi, na watu wanamwonyesha soda baridi. Kwanza nilimkemea kwa kusafiri na barafu kidogo namna ile, kisha nikampeleka kwa muuza nyama mwenye friza. Mke wake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, akamwachia binti mmoja, Kanini, ambaye sasa ana miaka minane. Tangu mama yake azikwe, Kanini alipunguza maneno. Si bubu. Shuleni akiulizwa swali anajibu, mezani ataomba chumvi. Mazungumzo ndiyo hakuna.

Nzioka hakutaka mimi na Kanini tukutane kabla ya ntheo. "Alizoea mtu akamkosa," aliniambia. "Sitaki azoee mwingine halafu wazee waseme hapana." Sikuweza kubishana na hilo, na mimi hubishana na kila kitu.

Kwa hivyo nilimfuata mtoto kwa njia niliyokuwa nayo, yaani sauti. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Mbumbuni, na kazi yangu ya pembeni ni kusoma vitabu vya kusikiliza. Kampuni moja ya Nairobi hunitumia hadithi, nami hujifungia ndani ya kabati la nguo pamoja na maiki, blanketi tatu na tochi, nikasoma. Lazima iwe kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kwa sababu jua likishapanda mabati huanza kulia ta, ta, ta, na kabla hujakaa vizuri jirani amewasha kinu cha posho.

Mwaka huu walinipa kitabu cha watoto kiitwacho Wandani wa Kilima Cheusi. Katika nchi ya kitabu hicho, kila mtoto akitimiza miaka minane hupanda kilima peke yake, na mnyama mmoja hujitokeza kuwa mwandani wake maisha yote. Ndunge, msichana wa hadithi, anatazamia chui, maana wenzake wamepata simba na tai. Anajitokeza nyegere mchafu, mkorofi, ananuka asali ya wizi. Anaitwa Kiko. Wawili hao wakiwa pamoja, Ndunge anaweza kupiga mluzi nyuki wakasimama hewani, na anayasikia maji yaliyofichika chini ya mchanga wa mto mkavu. Mwenyekiti wa kina mama kanisani aliniuliza kama ni kweli nawasomea watoto uchawi. Nikamwambia aje asikilize mwenyewe. Alikuja, akakaa na visikilizio masikioni sura nne mfululizo, akaondoka akiuliza Kiko atatokaje kwenye ule mtego.

Kila nilipomaliza sura nilimtumia Nzioka kwa WhatsApp, ampe Kanini simu. Ni kosa kikazi, najua, kitabu kilikuwa hakijatoka. Kanini hakunijibu hata mara moja. Nzioka alisema mtoto husikiliza zizini, simu ameiweka kwenye mfuko wa sweta, huku ameegemea beberu mmoja wa kahawia aliyemlea kwa chupa wakati wa ukame. Sura moja aliirudia hata mara tano.

"Nikimuuliza anaionaje, ananiambia, bado," Nzioka alisema.

Hiyo "bado" niliishi nayo wiki nzima. Nilikuwa naiosha pamoja na vyombo. Bado nini? Bado hajaipenda, bado hajaimaliza, bado hajaamua kama ananitaka? Nikaanza kusoma kwa ajili ya mtu mmoja tu, mtu ambaye sijamwona ila kwenye picha.

Kisha nikafika sura ya sita, na hapo ndipo nilipoharibu. Sura ya sita ndiyo Ndunge na Kiko wanaungana, na mwandishi aliipa sentensi moja: wakashikana, wakawa wandani. Nilikasirika. Mtoto amengoja sura tano nzima, halafu unampa sentensi moja? Kwenye rekodi ya kampuni nilisoma ilivyoandikwa. Kwenye ile ya Kanini nikaongeza yangu. Nilisema Ndunge alichukua wembe akakata ncha ya sikio la kushoto la Kiko, kidogo tu, vile mbuzi hutiwa alama ili wajulikane ni wa nani, akaihifadhi ile ncha ndani ya kichupa. Nikasema tangu hapo sauti yao ikawa moja. Jambo ambalo Ndunge hawezi kulisema, Kiko analijua. Na mmoja akifa, sauti ya mwingine inaondoka naye.

Niliisoma kwa madaha, machozi yakanilengalenga ndani ya kabati, nikajipongeza. Mimi niliyekulia nyuma ya mbuzi, niliyewajua mbuzi wa kila jirani kwa mikato ya masikio, sikuona nilichokuwa nikimfundisha mtoto wa wafugaji mwenzangu.

Gari lilifika saa nne na robo. Ilikuwa pikapu nyeupe iliyojaa vumbi, na ndani yake Nzioka, mjomba wake, na wazee wengine wawili wa Tseikuru. Nyuma walisimama mbuzi watatu, na katikati yao, juu ya gunia la majani, ameketi msichana mwembamba aliyevaa sweta ya shule siku ya Jumamosi. Nzioka hakuwa ameniambia anamleta. Baadaye alisema alimkuta ameshapanda kabla hajawasha gari, akakataa kushuka.

Nilitaka kumkimbilia. Mama akanishika mkono. Siku ya ntheo msichana hazururi uwanjani mbuzi wakikaguliwa, unakaa jikoni na wanawake, unachambua mchele, unangoja kuitwa. Nilichambua mchele ule mpaka nikaanza kutupa hata punje nzima. Dirisha la jikoni linatazama uwanja, na kutoka pale niliona na kusikia yote.

Mkaguzi alikuwa mzee Nzomo, kaka mkubwa wa baba. Amekagua mbuzi wa ntheo wa nusu ya kijiji hiki na ana uso wa mtu anayetafuta kasoro hata kwenye chai. Alianza na yule wa kike. Akamfungua mdomo, akatazama meno, akampapasa miguu, akanyamaza. Kwa mzee Nzomo kunyamaza ni sifa. Akaenda kwa beberu mweusi, akanyamaza tena. Moyo wangu ukatulia kidogo.

Wa tatu alikuwa yule wa kahawia, mkubwa kuliko wote, na kamba yake ilikuwa mkononi mwa Kanini.

"Hii sikio ya kulia imepasuliwa," mzee Nzomo alisema.

"Hiyo ni alama yetu," mjomba wa Nzioka akajibu. "Mbuzi zetu zote ziko nayo."

"Na hii ya kushoto?"

Nzioka akasogea, akainama, akalishika sikio.

"Hii niliona jana, mzee. Nilidhani ni waya ya boma ilimkata."

"Waya haikati hivi. Hii ni wembe, na mtu alipima. Hii ni alama ya mtu." Mzee Nzomo akajinyoosha. "Mnatuletea mbuzi ya mwenyewe mwingine? Tukiifunga hapa leo, kesho mtu anakuja kutuonyesha alama yake. Tutamwambia nini?"

Nilikuwa nimesimama dirishani na ungo mkononi. Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote pale. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nikasimama tuli.

Wazee wakaanza kunong'onezana kwa Kikamba. Baba alikuwa ameketi mbele yao, mikono yote miwili juu ya fimbo, mshipa wa shingo umesimama. Nilimwogopea ile presha. Niliogopa zaidi asimame, maana akisimama ndiyo basi, hatakaa tena.

"Nauliza," mzee Nzomo alisema. "Alama ni ya nani?"

"Ni yangu," Kanini akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. Akatia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa kichupa cha dawa ya macho kilichokatwa shingo na kuzibwa kwa karatasi ya nailoni. Akamwonyesha mzee. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ngozi kilichokauka, kidogo kama ganda la dengu, na manyoya yake ya kahawia.

Watu wakacheka. Nzioka hakucheka, alijishika kichwa. Mzee Nzomo naye hakucheka. Alikichukua kile kichupa, akakisogeza karibu na sikio la mbuzi, akafumba jicho moja, akalinganisha.

"Inaingiana," akasema.

Nilitegemea angemfukuza mtoto aende akacheze. Badala yake akawageukia wazee wenzake, na uso wake ulikuwa uleule wa kazi. "Alama ni alama. Hatukuuliza miaka ya mwenyewe. Huyu mtoto akitoa mbuzi yake, tunaendelea. Asipotoa, hapa hakuna mbuzi tatu, kuna mbili. Na kwa sababu iko na alama ya pili, haitaingia kwa boma ya Mutisya kukaa. Itachinjwa hii, leo, tule, maneno yaishe." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hata wale wa Tseikuru waliitikia. Ilikuwa haki, na ilikuwa rahisi.

Mzee Nzomo akaegemea fimbo yake, akainama mpaka akalingana na mtoto. "Mwiitu," akasema, yaani binti, "unatoa mbuzi yako?"

Nzioka akachuchumaa kando yake. "Kanini, sema ndiyo tu. Nitakupatia mwingine, wewe mwenyewe utachagua."

Kanini alimtazama yule beberu kwa muda mrefu. Beberu alikuwa anatafuna pindo la sweta yake na hana habari. Mtoto akaivuta sweta taratibu kutoka mdomoni mwake, akaifuta mate, akanyoosha mkono wenye kamba.

"Mchinjeni tu," akasema. "Mimi huwa siongei sana."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa kupumua. Mjomba wa Nzioka akapiga makofi. Mmoja wa wazee wetu akaulizia kisu. Baba akaachilia fimbo kwa mkono mmoja, akajipangusa uso, na kule jikoni mama akanikumbatia kwa nyuma akisema, "Asante Yesu, imepita."

Hakuna aliyesikia alichosema mtoto isipokuwa mimi. Wao walisikia maneno ya kitoto. Mimi nilisikia hesabu. Mbuzi akifa, sauti ya Kanini inaondoka naye, mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Akakaa pale akapima: baba yake anataka mke, na sauti yenyewe haitumii sana, si hasara kubwa. Akaitoa. Nililelewa kanisani, nimesikia mahubiri ya sadaka maisha yangu yote, na sijawahi kuona mtu akitoa namna ile.

Na nikiri. Sikutoka mbio. Nilisimama pale nikajiambia, Mutindi, nyamaza. Saa moja tu. Mbuzi atachinjwa, baba atakula figo, utakuwa umeolewa, na jioni utamketisha mtoto umweleze polepole kwamba ile ilikuwa hadithi. Watoto husahau. Wazo hilo nilikaa nalo kwa muda wa kuweka ungo chini. Lilikuwa wazo tamu sana.

Kisha nikamwona mtu anakuja na kisu na beseni, na Kanini amejiziba mdomo kwa viganja viwili, anasubiri kwa utulivu kama mtu anayengoja sindano ya chanjo.

Nikatoka. Mama aliita jina langu, sikugeuka. Uwanja ule nilioufagia mara tatu niliuvuka kwa hatua ambazo sikumbuki idadi yake, wazee wote wananitazama, nikapiga magoti mchangani mbele ya mtoto.

"Kanini," nikasema.

Alishtuka. Akashusha mikono. Uso wangu haukumwambia kitu, lakini sauti aliijua.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Sikiliza. Ile ya kukata sikio, na ile ya sauti kuondoka, haimo kitabuni. Niliiongeza mimi. Hata akifa hakuna kitakachokupata. Utaongea vilevile."

Nilidhani nimemfungua. Aliniangalia vile wanafunzi wangu huniangalia wakiona nimekosea hesabu ubaoni, hawana hakika kama waseme.

"Uliiongeza?"

"Niliiongeza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uipende."

Akafikiri. Nyuma yangu mzee Nzomo alikohoa, akasema mambo haya ni ya wazee, msichana arudi jikoni. Baba alisema neno moja tu, jina langu, na alilisema kwa sauti ya chini. Sikuinuka.

"Na ile ya mwisho?" Kanini akauliza. "Ukimaliza unasemanga, lala salama Kanini, nakuja. Hiyo pia uliongeza?"

Nikimwambia hii ni uongo na ile ni kweli, atapimia wapi, na zote mbili zilimfikia kwa sauti moja, ndani ya mfuko wa sweta? Nilikuwa nimetaka kumwokoa kwa kumwambia asiniamini. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto, na nikaona pia kwamba kuna njia moja tu ya kumjibu na kwamba njia hiyo itanigharimu siku yangu.

"Unataka achinjwe?" nikamuuliza.

Akamtazama baba yake.

"Usimwangalie baba. Mbuzi ni wako."

Akatikisa kichwa.

"Sema wazee wasikie."

"Sitaki," akasema. Kisha maneno yakaendelea kumtoka, na nadhani hata yeye alishangaa. "Sitaki kwa sababu nilimwambia mambo ya mama. Vile alikuwa anaimba akisonga ugali, na vile alikuwa ananuka. Nilikuwa nasahau, nikamwambia yote ndiyo isipotee. Baba nikimwambia analia. Hakuna mwingine anajua."

Nzioka aligeuka akatazama upande wa barabara, mabega yakimpanda na kushuka. Kile kisu kilibaki mkononi mwa mtu aliyekishika, hajui akiweke wapi.

Nikainuka. Magoti yangu yalikuwa na mchanga. "Mwenye mbuzi amekataa," nikasema.

"Nimesikia," mzee Nzomo akajibu. Akakiziba kile kichupa vizuri kwa karatasi yake, akamrudishia Kanini. "Basi hapa kuna mbuzi mbili."

Baba akasimama. "Basi hakuna ntheo," akasema, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Nilijua ningelia, lakini si wakati ule. Wakati ule nilikuwa na chai ya kuwapa watu. Wageni hawawezi kuondoka na njaa, hata kama wamekataliwa, kwa hiyo wali na maharagwe vililiwa kimyakimya chini ya turubai, vijiko vikigonga sahani. Nyama haikuwapo. Nilizunguka na birika nikiwajazia hata wenye vikombe vilivyojaa. Nilipofika kwa Nzioka aliufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja.

"Ungeninyamazia saa moja tu," akasema.

"Najua."

"Mimi ndiye baba yake. Ningemweleza tukifika nyumbani."

"Ungemweleza nini?"

Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo, nami sikumpunguzia. Akaenda kupakia mbuzi. Mweusi akapanda, wa kike akapanda, wa kahawia akasukumwa na Kanini kwa bega.

Mzee Nzomo alikuwa ameingia ndani kwa baba. Alikaa huko muda wa kunywa chai vikombe viwili, maana mama alimpelekea vikombe viwili. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwenye pikapu, akasimama mbele ya wazee wa Tseikuru, na uso wake haukuwa umebadilika hata kidogo.

"Nimeongea na Mutisya," akasema. "Ntheo ni mbuzi tatu. Leo mbuzi tatu hazikufika. Kwa hivyo leo hakuna mtu alikuja hapa. Mimi niliona watu wamepita wakaomba chai." Akapangusa ndevu. "Alisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Hiyo mara bado haijakuwa. Mkuje mwezi wa nane, na mtu aangalie masikio kabla hamjatoka nyumbani. Lakini muende sasa, amekasirika sana."

Mjomba wa Nzioka alimshika mkono kwa mikono miwili. Nzioka aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu chakula, na kitu usoni mwake kililegea, si chote. Sikukimbilia kufurahi. Namjua baba, na kutoka mwezi wa sita hadi wa nane ni mbali, mbuzi hufa, presha hupanda, na Nzioka mwenyewe alikuwa na njia ndefu ya kufikiri mpaka Tseikuru.

Gari likawashwa. Kanini alikuwa ameketi kwenye gunia lake, mgongo kwa beberu, kichupa mkononi. Akapiga bodi ya gari kwa kiganja kama makanga wa matatu, na baba yake akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

"Na huyu?" Kanini akauliza, akininyooshea kidole.

"Huyu anabaki."

Nikasogea hadi kwenye gari, nikashika ukingo wake uliokuwa wa moto kwa jua. Karibu namna ile alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo picha hazikuonyesha.

"Utakuja lini?" akaniuliza.

"Mwezi wa nane, wazee wakikubali."

"Hiyo ni siku ngapi?"

"Sitini na kitu."

"Ni nyingi."

"Hata kwangu ni nyingi," nikasema, na hapo sauti ndiyo ilinikatika.

Hakujifanya hajaona. Alingoja nimalize kujipangusa macho kwa kanga, bila haraka, kama mtu aliyezoea kungoja watu wazima wamalize.

"Za kwenye kitabu zimebaki ngapi?" akauliza.

"Sura nne."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza, akafika mahali akaacha.

"Hazitoshi," akasema. "Itabidi uongeze."